Inchi mbili za springi na bili zake: kuichezea 4x4 yako mwenyewe nyumbani

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu hizi gari ni moja tu, eti nataka kuinyanyua inchi mbili, ninunue springi gani? Jibu langu huwa linawaudhi watu manake nawaambia chukua tochi, tandika boksi chini, lala chini ya gari nusu saa alafu urudi tuongee. Springi zipo tu, hazikimbii.

Sababu ni kwamba 4x4 ilivyotoka kiwandani kila kitu kimepigiwa hesabu kwa kumwangalia mwenzake. Urefu wa springi umeendana na urefu wa shokapu, shokapu na hozi za breki, hozi na pembe ya propela shafti (lile bomba linalopeleka nguvu kwenye difu), tairi na gia za ndani ya difu (lile bonge la gia katikati ya magurudumu), na hivo hivo mpaka unafika kwenye taa. Ukigusa kimoja umeshaviandikia bili vingine vitano, na hizo bili zitakuja, tena zina tabia ya kuja ukiwa mbali na nyumbani, giza limeingia. Kwa hiyo hapa nafuatilia bili inaenda wapi, hasa ya kunyanyua, manake ndo wengi wanaanzia hapo.

Ila kwanza hali ya gari ilivyo leo. Gari iliyochoka ukiinyanyua inakua gari iliyochoka iliyoko juu, basi. Bushi (ile mipira ya kwenye maungio) zilizokatika, jointi za steringi zilizolegea, vyote vitabaki vile vile na vingine vitaanza kupiga kelele zaidi. Weka vigingi kwenye matairi, mwombe mtu akae kwenye usukani auchezeshe kidogo kidogo kulia kushoto, wewe uko chini unaangalia jointi moja baada ya nyingine. Usiangalie gari nzima kwa pamoja hutaona kitu, weka kidole pale pande mbili za jointi zinapokutana, kama upande mmoja unasogea kabla ya mwenzake kidole kitakwambia hata kama jicho halijaona.

Alafu nyanyua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, vuta na sukuma. Likicheza usikimbilie kusema beringi. Mwambie yule wa kwenye usukani akanyage breki aishikilie, wewe tikisa tena. Mchezo ukipotea basi ni beringi ya gurudumu, manake breki imefunga habu na kile inachozunguka juu yake. Mchezo ukibaki, tatizo liko ndani zaidi, kwenye beringi za kingpini au boli jointi, yale maungio gurudumu linapogeukia, kutegemea gari yako. Hako kajaribio hakahitaji kifaa chochote na kameniokolea kununua beringi ambazo hazikua na kosa.

Wenye Land Cruiser za zamani zenye ekseli ngumu mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, angalieni yale mabonge ya duara nyuma ya gurudumu. Kukiwa na uji mweusi mwepesi unachuruzika, sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu inaingia kwenye bonge na kuyeyusha grisi, mnapata supu ambayo si oili tena wala grisi. Gari itaendelea kutembea miezi, ndo maana watu wanapuuza, lakini jointi iliyomo mle ndani inasagika na ikivunjika umepoteza nguvu ya gurudumu la mbele siku ile unayoihitaji.

Kuhusu jeki niseme kidogo tu. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde, hata kuchukua spana iliyodondoka. Stendi mbili za chuma, vigingi, sehemu tambarare ngumu. Na kuna mtego mmoja ambao wengi hawaujui: Defender za zamani hendibreki yake haishiki magurudumu, inashika propela shafti nyuma ya giaboksi. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la hewani kuzunguka upande mmoja na la chini upande wa pili, na gari inaondoka kwenye jeki taratibu huku hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Vigingi kabla ya jeki, sio baada.

Haya sasa, kunyanyua.

Jambo la kwanza ambalo linashangaza watu: kwenye gari yenye ekseli ngumu, springi ndefu hazinyanyui difu hata milimita moja. Difu imekaa kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye magurudumu, springi ziko juu ya vyote hivyo. Unachonyanyua ni bodi na chesisi. Utapata nafasi ya kuweka tairi kubwa, utapita mahali bila kugonga bamba wala tumbo, lakini lile bonge la difu litagonga jiwe lile lile lililokua linaligonga jana. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake. Gari zenye saspensheni huru mbele, mfano Prado, difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi kwa hiyo hiyo inapanda, ila sasa draivu shafti, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, zinakaa kwa pembe kali na mipira ya jointi zake inachakaa mapema, na ukizidisha unene wa spesa, vile vipande vya kunyanyulia, shafti zenyewe zinakufa.

Turudi kwenye ekseli ngumu, manake hapa ndo kuna bili tamu. Angalia baiskeli. Ile foki ya mbele imelala kidogo kurudi nyuma, na ndo maana ukiachia mikono gurudumu linajinyoosha lenyewe. Gari nayo ina ulalo huo huo kwenye gurudumu la mbele, mafundi wa alaimenti wanauita kasta. Sasa gari kama Land Cruiser 80, Patrol au Defender za zamani ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu, nyuma imefungwa kwenye chesisi, mbele imeng'ang'ania ekseli. Ukinyanyua chesisi, ncha ya nyuma ya mkono inapanda nayo, mkono unageuka, na ekseli kwa kua imefungwa nao inageuka pia, juu yake inaelekea mbele. Piga hesabu: mkono wenye urefu wa kama mita moja, ncha yake ikipanda milimita 50, umegeuka karibu digrii 3. Kwa baadhi ya hizi gari digrii 3 ndo karibu kasta yote uliyokua nayo. Matokeo yake kwenye lami gari inatangatanga, ukikata kona usukani haurudi wenyewe, kila shimo linakuvuta, na mwenye gari anaanza kulaumu tairi. Dawa yake ipo, bushi maalum zenye tundu lililosogezwa pembeni, au mikono iliyorekebishwa, na ziwepo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kuna na ile fito inayozuia ekseli isiyumbe pembeni, penhadi. Ncha moja kwenye chesisi, nyingine kwenye ekseli. Gari ikipanda fito inasimama zaidi, na fito iliyosimama upana wake unapungua, kwa hiyo inavuta ekseli kuelekea upande ilikofungwa kwenye chesisi. Ni milimita chache, hazikuui, lakini ukisimama nyuma ya gari unaona tairi moja limetokeza kuliko jingine na usukani umekaa upande wakati gari inaenda moja kwa moja. Fito ya kurekebishika inamaliza hilo.

Propela shafti nayo. Zile krosi zake mbili, jointi za kila mwisho, zinataka pembe zinazolingana, ya mbele na ya nyuma, ndo zinafutana. Zikitofautiana shafti inaongeza na kupunguza mwendo mara mbili kila mzunguko na unasikia mtetemo kwenye sakafu ukifika mwendo fulani, ukiupita unapungua. Mtu atakwambia balansi magurudumu. Utabalansi mpaka uchoke.

Na bili ambayo karibu kila mtu anaisahau: gari nyingi zenye kubeba mizigo zina valvu ndogo kwenye chesisi nyuma, ina kamkono ka chuma kameunganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikishuka kwa mzigo inaruhusu breki za nyuma zipate presha zaidi, gari ikiwa tupu inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasifunge. Wewe umenyanyua inchi mbili, valvu inaona chesisi iko juu, inaamini gari tupu kabisa, inazinyima breki za nyuma. Umeongeza uzito alafu umepunguza breki, na hakuna taa itakayowaka kukwambia. Kale kamkono kanarekebishwa au kanawekewa kipande cha kukashusha, ni kazi ndogo ila lazima ujue kwamba ipo, na presha ipimwe baada ya hapo.

Hozi za breki usizikisie, zijaribu. Chesisi ikae kwenye stendi, shusha jeki taratibu ekseli ining'inie mpaka mwisho wake, zungusha usukani kulia mpaka ufunge, kushoto mpaka ufunge, uwe unaangalia kila hozi na kila waya. Hozi inatakiwa iwe na ulegevu hata pale. Alafu fanya kinyume, toa springi, pandisha ekseli kwa jeki mpaka iguse ule mpira wa kuzuia, uone tairi inagusa wapi na shokapu imebakiza nafasi kiasi gani. Shokapu fupi inageuka kamba ya kuzuia ekseli na inang'oka, shokapu ndefu inagonga ndani kwa ndani kabla ya mpira kufanya kazi. Hiyo kazi inakula mchana mzima na inachosha, lakini hakuna namna nyingine ya kujua.

Wakati wa kufunga sasa, hapa nimeona makosa hata kwa watu wanaojua kazi. Bushi nyingi za mpira zimegandishwa, mpira umeshikana na chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajipinda. Ukikaza boliti gari ikiwa hewani na mikono imening'inia, umeigandisha bushi kwenye mkao huo. Ukishusha gari mpira unakua umepindika muda wote hata gari ikiwa imepaki, na utakatika ndani ya muda mfupi alafu utasema bushi feki. Zifunge kwa mkono tu, shusha gari isimame kwenye magurudumu yake, itikise tikise ikae, ndo ulale chini ukaze kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba za kwenye kitabu cha gari yako. Seti yangu ya kwanza niliiharibu hivyo mwenyewe, sikua na wa kumlaumu.

Ugumu wa springi uchague kwa uzito unaoubeba kila siku. Sio kwa ile safari moja ya mwaka. Bamba la chuma mbele na winchi ni uzito wa kudumu, hapo springi nzito mbele ina maana. Ila nyuma ukiweka springi za mizigo mizito alafu unaendesha tupu, gari inaruka kama mbuzi na tairi haligusi ardhi vizuri, tena kwenye kokoto ni hatari. Na springi haziongezi uzito ambao gari imeruhusiwa kubeba, ekseli ni ile ile, beringi zile zile, breki zile zile. Karia ya juu nayo usiijaze kila kitu, uzito juu ya paa unahesabika mara nyingi zaidi ya uzito wa sakafuni gari ikilala pembeni.

Tairi. Hizi namba ubavuni si siri, ni hesabu ya shule. 265/70R16 maana yake upana milimita 265, ubavu ni asilimia 70 ya upana yaani 185.5, rimu inchi 16 ambazo ni milimita 406.4. Ubavu mara mbili jumlisha rimu, unapata kama milimita 777. Ukihamia 285/75R16 kwa hesabu hiyo hiyo unapata kama 834. Tofauti 57, na kwa kua difu iko katikati ya gurudumu unapata nusu yake, milimita 28 hivi. Ndo faida yote hiyo. Sasa gharama: tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 7 na kidogo, spidomita ikisoma 100 wewe uko 107. Kilomita za dashibodi nazo zinadanganya, ukisema nabadilisha oili kila 10,000 kumbe ushatembea zaidi ya 10,700, na ulaji wa mafuta unaonekana mbaya kuliko ulivyo. Gia zote zimekua ndefu, gari iliyokua na difu ya 4.10 ingehitaji kama 4.40 kurudi ilivyokua, ndo maana mlimani unajikuta unashuka gia ambayo hukua unaishuka. Tairi zito pia ni mzigo kwa breki na beringi. Binafsi naona watu wengi wangebaki na saizi ya kiwandani au hatua moja juu, wakanunua tairi nzuri zenye ubavu mgumu, na kompresa.

Manake upepo ndo modifikesheni ya bei rahisi kuliko zote. Kwenye mchanga shusha mpaka psi 15 hadi 18, tairi linalala, alama yake chini inarefuka, gari inapita kwa utulivu palepale ilipokua inachimba. Mwendo uwe mdogo, kona usizikate kwa nguvu tairi lisije likatoka kwenye rimu, na ukirudi lami jaza kabla ya kukimbia.

Na fowili (magurudumu yote manne kuvuta) ya kuweka na kutoa, sio ile ya muda wote, usiikimbize kwenye lami kavu. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kua yamefungwa pamoja ile tofauti inabanana ndani ya gia na shafti. Kwenye tope tairi inateleza, mbano unaachia. Kwenye lami haina pa kwenda.

Kwenye matengenezo kitu cha kuelewa vizuri ni vipumulio. Difu, giaboksi na transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) zote zina kitundu cha kupumulia juu, kwa sababu oili ikipata moto hewa inatanuka. Sasa umeendesha masaa mawili, difu iko nyuzi 80, unaingia mtoni maji nyuzi 20. Hewa ya ndani ikipoa kutoka 80 mpaka 20 inasinyaa kama asilimia 17, inataka kuvuta kitu kijaze nafasi. Kama kipumulio kimeziba kwa tope, au kiko chini ya maji, itavuta maji, kwa kipumulio chenyewe au kupita kwenye sili. Wiki mbili baadae unafungua na oili ni nyeupe kama maziwa. Suluhisho ni mpira mrefu kutoka kila kitundu mpaka juu ndani ya boneti, kazi ya asubuhi moja, na mimi ningeifanya kabla ya springi, kabla ya taa, kabla ya chochote cha kupigia picha.

Ukibadilisha hizo oili, fungua boliti ya kujazia KWANZA ndo ufungue ya kumwagia. Nilishamwaga oili ya giaboksi nikiwa na furaha zangu, alafu boliti ya kujazia ikakataa kabisa, kona zake zikaisha, gari ikakaa siku mbili haina oili haiendi popote. Na usimwage GL-5, ambayo ni daraja la oili ya gia, kwenye kila tundu. Difu inaitaka, ila giaboksi nyingi za zamani zina ringi za shaba za kusaidia gia ziingie kwa ulaini na kemikali za salfa za kwenye GL-5 zinaweza kuzila, hizo zinataka GL-4. Kitabu cha gari kimeandika, kisome.

Snorkeli haigeuzi gari kua boti. Inasogeza tu mdomo wa kuvutia hewa juu, ambako pia vumbi ni kidogo, na kiukweli hiyo ndo faida utakayoipata kila siku. Kwenye maji ina maana kama njia yote mpaka kwenye filta imezibwa vizuri. Jaribio ni rahisi, injini ikiwa inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, ziba mdomo wa juu kwa kibao bapa kwa muda mfupi tu. Inatakiwa ikose pumzi izime. Ikiendelea kuwaka inavuta hewa mahali pengine, na pengine hapo ndo maji yatapita. Injini ikimeza maji ikazima, usipige stata. Maji hayabonyei kama hewa, pistoni ikiyakuta inapinda konrodi. Toa plagi, au plagi za moto kama ni dizeli, kwanza, zungusha injini maji yatoke.

Umeme niguse sehemu moja tu, taa za ziada. Taa mbili za wati 100 ni wati 200, gawa kwa volti 12 unapata kama ampea 17. Swichi ndogo ya dashibodi ya ampea 10 itayeyuka. Kwa hiyo kuna rilei: 30 inapokea moto wa betri, 87 inapeleka kwenye taa, 85 na 86 ni koili inayowashwa na hiyo swichi ndogo kwa umeme kiduchu. Na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio kule kwenye taa, manake inachokilinda ni waya. Waya uliopita kwenye ukingo wa chuma utasuguliwa siku moja mpaka shaba iguse bodi, na kama fyuzi iko upande wa pili wa hapo basi kilichobaki cha kukatika ni waya wenyewe, kwa moto. Valisha mpira kila unapopita tundu. Na kama umenyanyua gari, shusha taa kubwa, unawapofusha wanaokuja mbele.

Kazi yoyote ya kuchomelea vyuma vya steringi mpe mtu mwenye ujuzi na mashine, hiyo mimi siigusi. Na kabla hujafunga kitu chochote kinachobadilisha urefu au upana wa gari ulizia ukaguzi na bima za ulipo zinasemaje.

Ukimaliza kukaza kila kitu chukua kalamu ya rangi nyeupe, chora mstari mmoja unaokatiza nati na chuma inachokalia, nati moja moja, za springi, za mikono, za penhadi, zote. Tembea kilomita mia hivi, kaza nati za magurudumu upya, alafu rudi chini na tochi uangalie mistari. Ule uliokatika katikati, nusu huku nusu kule, anza na huo.